Asilimia Sabini na Tano ya Nyamizi

Usiku wa kuamkia Jumatano niliota chuo kimehamia kazini kwangu, kikaegeshwa juu ya mizani.

Mimi ni karani wa mizani kwenye kinu cha mpunga. Lori linapanda, napima, nagonga muhuri, linashuka. Vilevile nasoma stashahada ya biashara, ile kozi wanayoiita ya wafanyakazi, ambayo vipindi vyake huanza saa tatu asubuhi, wafanyakazi wote wakiwa kazini. Jumatano hiyo ndiyo ilikuwa ya kipindi cha mwisho. Nikikikosa, mahudhurio yangu yanashuka chini ya asilimia sabini na tano, sifanyi mtihani, narudia mwaka. Na bosi wangu, Mzee Malunde, hataki kiti kiwe wazi hata mtu akifiwa.

Basi, juu ya mizani kuna meza, na nyuma ya meza limekaa Daftari la Mahudhurio. Limevaa joho, linakunywa chai.

"Sisi ni kamati ya kuboresha masomo ya watu wazima," linasema. "Huu ni mwaka wa sita tunakutana."

"Mmeboresha nini?"

"Chai."

Nacheka, lakini hasira zimenipanda. Miaka mitatu nakula mchana nimesimama, kitabu mkononi, wali unamwagikia sura ya nne.

"Mheshimiwa, hamishieni vipindi jioni."

"Jioni walimu wamechoka."

"Na sisi je?"

"Nyinyi mmezoea." Linafungua kitabu cha kanuni. "Halafu mnatuonea bure, mama. Tunataka asilimia sabini na tano. Ni wapi tumesema lazima uje mzima?"

Nasoma. Hakuna mahali.

Hapohapo naufungua mkono wa kulia, unatoka bila shida, nauacha ofisini ugonge mihuri. Nafikiri kidogo, natoa na makalio. Mzee Malunde hakagui kazi, hukagua kiti. Nayaweka kitini, yanajiweka sawa, na kusema kweli yanaonekana yana nidhamu kuliko mimi.

Sehemu yangu iliyobaki inapanda kwenye mizani. Mizani inakohoa.

"Sabini na nne."

"Pima tena." Madereva huacha tairi moja nje ili uzito upungue. Mimi nahakikisha vidole vyote vya miguu vimo ndani.

"Sabini na nne, dada. Usinifanye mwongo mbele za watu."

Daftari linachukua kalamu nyekundu. Naona mwaka wangu unakwenda na maji. Nalia pale pale, mbele ya kamati, wala sioni aibu.

"Subirini," inasema Mizani. "Kuna mzigo umeachwa chini. Uchovu huu ni wa nani?"

Kweli, uchovu wangu umelala kando ya ngazi, mnene, umevaa viatu vyangu vya kazi. Nauburuta kwa mkono mmoja hadi juu. Mizani inapiga yowe.

"Mia na kumi!"

Daftari linasukuma kikombe pembeni.

"Huu hatujawahi kuupima," linasema taratibu, kisha linaniwekea tiki.

Simu ikaniamsha. Saa mbili na nusu! Kazi tunaingia saa moja. Aliyepiga ni Mzee Malunde. Nikapokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Nyamizi. Leo nakupongeza. Nimepita hapo dirishani mara tatu, umetulia kitini, hujanyanyuka hata kwenda chai. Mihuri nayo inagongwa kweli kweli. Ila punguza maringo, mama. Mtu akikusalimia, geuka."

"Nitajitahidi, mzee."

Nikatundika mkoba bega la kushoto, nikakimbilia chuoni. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza anaita majina. Alipofika kwangu niliitika kwa sauti mpaka darasa zima likageuka. Akaniandika, akaniambia niketi.

"Asante, mwalimu," nikamwambia. "Leo nitasimama."