Ubeti wa Cemil

Usingizi unamchukua Nevzat, mkusanyaji wa nyimbo za redio, adhuhuri, kichwa mezani, juu ya mashine ya kanda. Asubuhi Yeter amempigia simu: Mama ametutoka, mwalimu, tunamzika alasiri hii, na aliusia aimbiwe ombolezo lake lote kabla hajatolewa nyumbani, pamoja na ule ubeti wenye jina la kaka yake. Unao, si ndiyo? Ninao, akajibu, na alikuwa anadanganya. Miaka arobaini iliyopita, kijijini Sarıdere, alimrekodi mama huyo, Bibi Döndü, akimlilia kaka yake aliyechukuliwa na mto. Aliporudi mjini alishika mkasi akaukata ubeti ule kwenye kanda, maana redio ilitaka wimbo wa mkoa mzima, si wa maiti mmoja. Hakuuandika popote. Leo kijiji chenyewe kiko chini ya maji ya bwawa, na Nevzat anaona aibu hata usingizini.

Anatembea. Barabara ni utepe mwembamba wa kahawia, wa kanda, unajikunja na kujikunjua na kumrudisha pale pale, na kila mji anaoufikia una mwenzake uliopinduka majini, watu wa juu na wa chini wamegusana nyayo kwa nyayo. Katika mji mmoja wanaimba wimbo wa wavuna chai, katika mwingine wimbo wa bibi harusi anayepakwa hina, na zote anazijua, zote alizirekodi yeye, na katika kila wimbo pana mahali mwimbaji anafungua kinywa na hakitoki kitu, kisha anaendelea. Nevzat anaziba masikio. Haisaidii. Mbele yake anatokea mtu asiye na uso, amepakata sazi, zeze la kwao, isiyo na nyuzi. Ndugu yangu, Sarıdere ni njia ipi? Ni ile uliyoikata, anasema mtu yule. Nitaijuaje? Itakapokuumiza. Basi Nevzat anatembea mpaka utepe unamchana nyayo, na hapo anamwona Bibi Döndü kizingitini, ameshika mapajani shati la kaka yake, kama wanavyofanya wanawake wa kwao wanapomlilia marehemu.

Umechelewa, mwanangu.

Nisamehe, bibi. Nipe ule ubeti, binti yako anausubiri.

Jina halitoki hapa bure. Acha moja, uchukue moja.

Chukua langu, anasema Nevzat haraka haraka, kwa hofu ya kuchelewa tena, na bibi anainua shati na kuimba: Cemil wangu, shati lako limeshakauka kambani, wewe tu ndiye bado umelowa.

Anashtuka, shavu juu ya mashine. Alasiri haijaingia. Anampigia Yeter na bila hata salamu anaimba, sauti yake mbovu ya kizee, mpaka mwisho, na jina ndani yake. Ng'ambo ya pili Yeter analia kwa sauti. Ndio huo! Wallahi ndio wenyewe! Nyuma yake wanawake wanaupokea, mmoja baada ya mwingine, Cemil wangu, Cemil wangu. Mungu akulipe, baba, anasema Yeter, lakini nani mwenzangu?

Anafungua kinywa, na hakitoki kitu. Anavuta kadi ya kanda. Mwimbaji, Döndü. Mahali, Sarıdere. Mkusanyaji, na mbele yake, pale alipoliandika jina lake, pamebaki peupe. Nyayo zinamwasha. Haloo, anaita Yeter, haloo, baba, nimwambie mama ni nani aliyemletea?