Doa la Dirisha la Tatu

Doa lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele, kwenye dirisha la tatu juu ya roshani ya mfalme. Msichana aliyekagua picha za kasri kiwandani alilizungushia kalamu nyekundu kama alivyofundishwa: mkono kwanza, macho baadaye. Ndipo akaona kwamba doa lina masharubu.

Alikuwa baba yake, fundi mwashi. Watu wa mfalme walimchukua miaka mitatu nyuma kwenda kujenga kasri, kisha ikaja barua kwamba fundi wa jina hilo hawakuwahi kuwa naye. Lakini kila picha mpya ya kasri ilipotoka, alikuwamo. Mara ya kwanza alikuwa kwenye ngazi za chini. Mwaka jana alikuwa ghorofa ya pili, amekonda. Picha ilikuwa lazima kwa kila nyumba, na mama alimsalimia humo kila asubuhi akifagia.

"Umeamkaje, baba watoto?"

Naye aligeuza shingo kidogo.

Msimamizi wa kiwanda alichukua karatasi yenye duara jekundu, akaisogeza kwenye mwanga.

"Una macho, binti! Huyu jamaa naye, kila mwaka anajipandisha cheo."

Wenzake wakacheka. Msimamizi alikwangua doa kwenye bati la kuchapia picha kwa ncha ya kisu. Fundi alishikilia dirisha kwa mikono miwili, baadaye kwa mmoja. Kisha mashine ikawashwa, na picha elfu kumi zikatoka safi.

Jumamosi karani wa mtaa alileta picha mpya nyumbani. Ya zamani aliikunja, akaenda nayo kuichoma pamoja na za majirani.

Mama alipanda juu ya kigoda, akapitisha kidole dirisha baada ya dirisha. Yalikuwa mia moja na kumi na mawili. Alipomaliza alianza upya.

"Pengine wamemhamishia upande wa nyuma," alisema. "Afadhali. Huko hakuna jua kali."

Kidole kilifika tena dirisha la tatu. Pazia lake lilikuwa limefungwa vizuri.

"Mama, shuka," msichana alisema.

"Ngoja kwanza, sijamaliza."

"Shuka, mama. Hawakumhamisha. Ni mimi niliyemzungushia kalamu."