Kware wa Njia ya Juu

Tangu alfajiri mjane alikuwa akimwomba Mungu pimbi mmoja tu, hata wa mbali, hata mgongo wake tu ukipotelea mwambani. Mkuu wa matembezi ya watalii alikuwa nyuma yake, amepanda uwanda wa mlimani kujionea mwenyewe. Wageni walikuwa wamechoka kutetemeka na baridi bila kuona kiumbe. Leo wakifika kibandani, mwisho wa njia, bila kuona mnyama, njia inafungwa, na yeye na shemeji yake kazi ya kuongoza wageni hawana.

Shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, waliyembandika jina la Redio, alitangulia.

"Hapa fuko wamejaa, Mkuu. Ukikanyaga vibaya unamwamsha mtu kitandani."

"Mbona sioni udongo mpya?"

"Wamelala."

"Redio, jizime kidogo tusikie ndege," mjane alisema.

Redio akatega sikio. Ndege wa kusikia hawakuwapo.

Kando ya njia, huku na huku, majani yalikuwa visiki vyeusi. Wageni walilalamika kwamba marefu yanawaficha wanyama, basi Redio akayatia moto. Mjane naye aliliona ni wazo zuri. Sasa macho yalifika mbali kabisa, na hayakukuta kitu.

Kwenye miamba aliokota kinyesi cha pimbi, akakifikicha. Kikawa vumbi. Cha zamani.

Walipokikaribia kibanda, mjane aliinua mkono. Chini ya shada la majani lililoungua nusu, kware alikuwa ameatamia, kajibana, jicho wazi.

"Si nilisema?" Redio alinong'ona, uso umemchanua. "Mwenye nyumba yupo."

Mkuu akachuchumaa, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kware alivumilia mpaka akashindwa, akaruka chini chini. Mayai yakabaki wazi, yana weusi upande mmoja. Moja lilikuwa limepasuka, na ndani ute umeganda mweupe kama wa yai la kuchemsha.

Mkuu hakuliona hilo. "Yataanguliwa lini, mama?"

Redio alimkanyaga mjane mguu, polepole. Angesema wiki ijayo, nani angepanda tena kuhakikisha?

"Hayaanguliwi," mjane alisema. "Yaliivia hapo hapo siku ya moto."

"Moto aliuwasha nani?"

"Sisi."

Mkuu alijipangusa magoti. Aliutazama ule weusi mpaka pale ukungu ulipoanzia, kisha akasema wakishuka wang'oe kibao cha njia.

"Ungemwachia Mungu hilo, shemeji," Redio alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiye aliyekuwa akisikiliza."

Redio akatangulia kushuka. Kwenye kona mjane aligeuka. Kware amerudi. Alikuwa akiyageuza mayai kwa mdomo, moja baada ya jingine, ili joto lienee, kisha akajipandisha juu yake akatulia. Mjane alitafuta neno la kumwombea, akalikosa, akawafuata wenzake.