Zamu ya Nenita

Ludivina alikuwa kwenye beseni la tatu, akifikicha jinzi za watu, Diwani Crispin alipoinama kupita chini ya kamba ya nguo. Tangu sabuni ipande bei alifua kwa povu kidogo na nguvu nyingi, na vidole vilikuwa vimechubuka.

"Mama Vina, Bikira yuko tayari? Meya anafika saa nne kugawa mchele. Nataka sanamu ikae jukwaani."

Sanamu ilikuwa ndani, juu ya televisheni mbovu. Hapa Bagong Tubig Bikira Maria hutembezwa nyumba hadi nyumba. Kila nyumba hukaa naye siku mbili, majirani huja kusali rozari, hula biskuti za mwenyeji, kisha Bikira hupelekwa kwa anayefuata.

"Leo ni zamu ya Nenita," Ludivina akasema.

"Nenita nimemkata kwenye orodha. Ana kifua kikuu yule! Nani ataingia mle?"

Crispin ndiye pia mwenyekiti wa chama cha rozari. Jumapili husoma somo kanisani, na kwa kweli ana sauti nzuri, hilo hatumnyimi.

"Mwezi wa tatu huu anameza dawa. Nesi kasema haambukizi tena."

"Nesi si mwenyekiti. Ukimpeleka huko, kadi yako ya mchele nairudisha ofisini. Wanao watakula rozari?"

Akaenda zake kusimamia upangaji wa viti.

Ludivina aliogopa, tena sana. Ndani kulikuwa na vikombe viwili vya mchele, na watoto watatu. Lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe, miezi yote hiyo, alikuwa akimwachia Nenita uji mlangoni na kuondoka mbio, halafu jioni anasali kwa machozi. Alijionea aibu. Akafuta mikono, akamfunika Bikira kwa taulo safi la mteja, akatoka naye.

"We Vina, unakwenda siko!" Doray wa dukani akapiga kelele. "Jukwaa liko huku!"

"Najua lilipo."

Nenita alikuwa amefagia. Juu ya ndoo iliyopinduliwa kulikuwa na kipande cha mshumaa na biskuti sita.

"Nilijua hamji," akasema. "Nikanunua tu. Mngekawia kidogo ningezila mwenyewe."

Ludivina akacheka, akakaa karibu naye mpaka magoti yakagusana. Wakaanza kusali.

Walikuwa kwenye fumbo la pili kati ya matano ya rozari Crispin alipotokea mlangoni, leso puani. "Mama Vina! Meya kashafika! Mtoe huyo Bikira!"

Rozari ikishaanza, Bikira hainuliwi mpaka iishe. Kila mtoto wa mtaa anajua, na aliyewafundisha ni Crispin.

"Salamu Maria, umejaa neema," Ludivina akaendelea.

"Nakukata jina, unanisikia?"

"Kata, Mheshimiwa. Sanamu ni ya chama, si yangu. Ingia uichukue."

Crispin akatazama kizingiti. Akainua mguu mmoja, kiatu kikang'aa, akaurudisha chini. Akasubiri hapo nje, jasho likimtoka, huku kipaza sauti kikimwita jukwaani.

Fumbo la tano likaisha. Akanyoosha mkono kutoka nje. "Haya. Nipe sasa."

Ludivina akarudi kwenye shanga ya kwanza, akapiga ishara ya msalaba, akaanza rozari nyingine.

Crispin akasonya, akaondoka mikono mitupu. Baada ya muda kipaza sauti kikaanza kuita majina ya wenye kadi, kwa mpangilio wa alfabeti. Sandoval. Santos. Kisha Tolentino. Sarmiento, jina la Ludivina, halikutajwa.

Nenita alisikia. Akaacha kuitikia, akamgeukia Ludivina. "Dada, watoto wako..."

"Itikia, Nenita," Ludivina akasema, akamshika mkono. "Kwa sauti. Wakusikie mpaka jukwaani."