Lugha Aliyoamka Nayo

Mume wangu alipozinduka baada ya kiharusi, aliongea. Manesi wakafurahi, mimi nikanuna, kwa sababu aliongea lugha ya mama yake tu.

Lugha hiyo siijui. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, tumeshona katika chumba kimoja, yeye makoti, mimi magauni, na sikujifunza hata salamu. Nilikuwa nikisema inanikwaruza masikio. Sasa lugha yetu, tuliyotongozana nayo na kugombania nayo mkasi, haikuwemo tena kinywani mwake.

Daktari akanieleza kwamba ubongo ukijeruhiwa, lugha moja inaweza kutangulia kurudi, na mgonjwa hachagui ipi. "Usimlaumu, mama," akasema. Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nilimlaumu sana.

Tuliporudi nyumbani, dada yake akawa anakuja kila asubuhi. Anakalia kigoda changu, pembeni ya cherehani yangu, wanapiga soga na mume wangu mpaka wanafuta machozi ya kicheko. Mimi nakanyaga cherehani kwa hasira, mkono wa gauni la watu naushona nje ndani.

"Mnacheka nini, wifi?"

"Aa, mambo ya kwetu tu."

Ya kwetu! Wivu wa mke mwenza nimeusikia kwa watu, lakini wa wifi haukuwa na hata mtu wa kumlalamikia.

Siku moja nikamwambia, "Wifi, kuanzia leo zungumza naye lugha yetu sote. Ukimdekeza kwa hiyo yenu, hii itarudi lini?"

"Daktari kasema hivyo?"

"Ndiyo," nikadanganya, bila kupepesa.

Akatii. Mume wangu akimuuliza kwa yao, yeye anajibu kwa yetu. Alimtazama dada yake mdomoni, kisha mimi, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Siku ya tatu akaacha kuuliza. Siku ya nane, akijaribu kushona kifungo, sindano ilimchoma kidole, hakuguna hata kidogo. Hapo nikaogopa kweli. Nilikuwa nimejipalia makaa mwenyewe: nilitaka maneno yake yawe yangu, sasa hayakuwa ya mtu yeyote.

Kesho yake nikamwahi wifi mlangoni. "Daktari hakusema. Nilisema mimi."

"Nilijua," akanijibu. "Wivu wako unanukia tangu barabarani. Ila ni mume wako, ningefanyaje?"

"Nifundishe neno moja," nikamwomba.

Nikaketi mbele ya mume wangu, nikainua mkasi, nikautaja kwa lugha yao. Nilikosea. Akakunja uso. Nikarudia, nikaharibu zaidi. Upande mmoja wa mdomo wake ukainuka, akalitamka neno lile polepole, akaningoja. Kisha akavuta chaki, akaitaja. Vifungo. Pasi. Mwezi mzima watu walikuwa wakimsahihisha yeye, sasa anasahihisha yeye, tena ni fundi asiyekubali kazi ya ovyo. Nilipokosea pasi mara ya nne, alicheka mpaka akafuta machozi.

Wifi akajaribu kunisaidia. Mume wangu akamnyamazisha kwa mkono.

Wifi akainuka, akachukua mkoba wake. Usoni mwake nikaona kitu ninachokifahamu vizuri sana.

"Basi mimi niende, wifi."

Nikafurahi, Mungu anisamehe. Hata mlangoni sikumsindikiza.