Wagonjwa wa Saa Nane za Usiku

Jamani, sijawahi kugombana na kompyuta kama asubuhi ile! Mimi ndiye mtu wa takwimu pale kituo cha afya, na Mkuu alitaka kujua wagonjwa hufika saa ngapi. Saa zao zikifuata mgawanyo wa kawaida, ile grafu ya umbo la kengele yenye kilele asubuhi, zamu zibaki zilivyo. Zisipofuata, wifi yangu ahamie usiku. Wifi ni muuguzi, na kichanga chake kinakataa chupa katakata.

Nikaendesha kipimo. Programu ikaikataa kengele! Grafu ina vilima viwili, kimoja saa mbili asubuhi, kingine saa nane za usiku.

"Si unaona?" akasema Mkuu. "Usiku wanajaa."

"Wanajaa wapi, Mkuu? Muuguzi wa usiku analala fofofo!"

"Kompyuta haina usingizi. Wifi yako anaanza kesho."

Nilichemka. Wifi alisimama mlangoni, macho yamemjaa machozi, nami sikutaka hata kumtazama. Nikazitenganisha saa kufuata nani aliziandika, maana wanaoandikisha wagonjwa mapokezi wako wawili. Kumbe! Kilima cha usiku chote ni cha Bibi wa Mapokezi. Cha asubuhi ni cha Mama Simu, yule asiyeiacha simu hata akipiga chafya.

Nikawaita mbio. "Mmefika pamoja sasa hivi. Saa ngapi? Kila mtu aandike!"

Bibi akatazama saa ya ukutani, akaandika 1. Mama Simu akachungulia simu, akaandika 7.

"Bibi, hii moja ni ya nini?"

"Saa moja, mwanangu. Kwani saa moja huandikwaje?"

"Mungu wangu!" Nikaruka, kiti kikaanguka. Saa mbili ya Bibi, aliyoiandika 2, kompyuta ilikuwa inaisoma saa nane za usiku! Saa zake zote nikaziongezea sita, nikabonyeza tena. Safari hii programu haikupinga. Kengele moja, nzuri ajabu, kilele saa mbili asubuhi. Nikapiga vigelegele humo humo ofisini, nani ajali!

Mkuu aliikodolea macho grafu, kisha akacheka mpaka miwani ikamtoka. Akalikata jina la wifi kwenye zamu ya usiku.

Wifi akajifuta machozi kwa kiganja. "Kwa hiyo kesho nije saa ngapi, Mkuu?"

"Saa saba," akasema Mkuu, akashtuka. "Moja! Saa moja! Asubuhi!"