Barua Tatu za Mwenye Nyumba

Waliohudhuria: mwenyekiti wa baraza la nyumba, karani wake, mwenye nyumba, ambaye ni tarishi mstaafu wa posta, na mpangaji wake, mshonaji, aliyekata rufaa. Kikao kilifanyika saa nne asubuhi katika chumba chenyewe alichopanga, kwa kuwa mwenyekiti alitaka kukiona kabla ya kuamua.

Mshonaji alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Cherehani yake ilikuwa palepale ilipokaa kwa miaka tisa, imegusana na ukuta. Angefukuzwa hapa, asingekuwa na pa kuipeleka, wala wateja wake wasingejua wamtafute wapi.

"Kwa nini umevunja mkataba?" mwenyekiti alimuuliza mwenye nyumba.

"Kiburi chake, mama. Mke wangu anaumwa, na kitanda chake kiko nyuma ya ukuta huo. Nimemwandikia huyu mara tatu asogeze cherehani. Kimya. Ndipo nikampa notisi ya kuhama kupitia ofisi yenu."

"Hiyo ya ofisi nililetewa mkononi," mshonaji alisema. "Lakini hizo tatu, mzee wangu, sijaziona. Tunaonana kila siku bombani. Ungeniambia tu."

"Jambo la maandishi halizungumzwi bombani, binti. Nimepeleka barua miaka thelathini na moja, sijapoteza hata moja."

"Basi ni zangu tu zilizokushinda, baba."

Karani alijikohoza ili kuficha kicheko.

"Ulizipelekaje?" mwenyekiti aliuliza.

"Chini ya mlango, kama kawaida yangu. Tarishi akianza kugonga kila mlango, jua linamchwea njiani."

Mwenyekiti alimpa karatasi tupu. "Hebu ipeleke hii."

Mzee alitoka, akafunga mlango. Ncha ya karatasi ilichungulia, ikasukumwa kwa kidole kilichozoea kazi, ikatoweka. Sakafuni hapakuonekana kitu. Zulia la plastiki lilifika hadi kizingitini, na ukingo wake ulikuwa umeinuka kidogo; karatasi ilipita chini yake.

Mshonaji alipiga magoti, akalifunua. Karatasi nyeupe ilikuwa imelalia bahasha tatu zenye vumbi, kila moja na tarehe pembeni kwa mwandiko ulionyooka. Alisoma barua ya kwanza hadi mwisho, akaziacha nyingine. Kisha aliinuka na kuiburuta cherehani hadi dirishani, bila kuagizwa na mtu.

Mzee alipofungua mlango, aliziona bahasha, halafu akautazama ukuta uliobaki wazi.

"Zulia hili nililitandika mwenyewe mwaka juzi," alisema polepole.

Karani alishika kalamu. Mwenyekiti akawatazama wote wawili.

"Mpangaji hakupata onyo lolote. Rufaa yake imekubaliwa, na mkataba unaendelea. Cherehani itabaki dirishani. Na wewe, mzee, ukiwa na neno naye, utagonga mlango."